Nati ya tairi ina namba yake

Ndugu madereva, ndugu mafundi, wamiliki wa magari na wote mliofika, habari za asubuhi.

Gari lililoegeshwa hapo mbele ni Toyota IST. Kila gurudumu lake linashikwa na nati nne, na kila nati ina namba yake: nyutoni-mita 103, kwa kifupi 103 Nm. Namba hiyo hiyo ndiyo ya Vitz, Corolla, Premio, Allion, Noah na RAV4 nyingi tunazoagiza Japani. Kwenye vitabu vya zamani vya Kijapani utaikuta imeandikwa 1,050 kgf·cm, lakini nguvu ni ile ile. Leo tunaizungumzia namba hiyo: imetoka wapi, inafanya kazi gani ndani ya chuma, na kinachotokea tukiipuuza. Nasema tukiipuuza kwa sababu kwenye gereji nyingi na vibanda vingi vya pancha nati hukazwa mpaka fundi agune, kisha gari linashushwa na mteja anaondoka. Na fundi wa asubuhi hagunii pale pale anapogunia fundi wa jioni aliyechoka.

Torki ni nguvu ya kuzungusha. Unachukua nguvu unayoweka kwenye mpini wa spana, unazidisha kwa umbali kutoka kwenye nati hadi mkono ulipo. Chukua ndoo ya lita kumi iliyojaa maji. Maji na ndoo yenyewe ni kama kilo kumi na nusu. Ining'inize kwenye ncha ya spana iliyolala mlalo, yenye urefu wa mita moja kamili. Hapo umeweka 103 Nm, ndoo moja tu ya maji. Spana ikiwa nusu mita zinahitajika ndoo mbili, kilo 21. Na spana ya tairi inayokuja na gari, ambayo mara nyingi ina sentimita 30 hivi, inahitaji kilo 35 kwenye ncha.

Sasa mtu wa kilo 70 anapanda juu ya spana hiyo ya sentimita 30 na kusimama. Ameweka 206 Nm, mara mbili ya kinachotakiwa, na hajaruka hata mara moja. Mwingine anachomeka bomba, mpini unafika mita moja, ananing'inia na uzito wake wote: hiyo ni zaidi ya 680 Nm. Namba hiyo ni ya gurudumu la lori kubwa lenye stadi nene za milimita 22. Ameikaza IST kwa namba ya lori.

Wengi hudhani stadi, zile bolti zinazotokeza kwenye habu (chuma cha katikati ambacho rimu hufungwa juu yake), zinabeba gari kama msumari unavyobeba picha ukutani. Sivyo. Kazi ya stadi ni kuvuta. Unapokaza nati, stadi inavutwa kwa urefu wake, na kwa kuvutwa huko inaigandamiza rimu kwenye uso wa habu. Kinachobeba gari, kinachopeleka nguvu ya injini na kinachopokea breki ni msuguano kati ya nyuso hizo mbili zilizobanwa. Kwa nati kavu ya milimita 12 iliyokazwa 103 Nm, mvutano ndani ya stadi moja unakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya tani nne. Kwa stadi nne ni kama tani kumi na saba, na IST nzima ina uzito wa kama tani moja. Kwa hiyo gurudumu lililobanwa vizuri haliwezi kuteleza kwenye habu hata upige breki ya ghafla ukiwa umebeba watu watano na mizigo.

Naomba mkumbuke neno hili, springi. Stadi iliyokazwa ni springi iliyonyooshwa, lakini imenyooshwa kidogo sana. Kwa stadi ya IST yenye rimu ya aloi, urefu unaoongezeka unakaribia sehemu sita za mia za milimita, unene wa unywele mmoja. Tani zote hizo nne zinaishi ndani ya unywele huo. Ukishaelewa hapo, mambo mengi yaliyokuwa yanashangaza yanajieleza yenyewe.

Rangi ni mfano mzuri. Kupiga rimu rangi upya limekuwa jambo la kawaida, na zinapendeza. Lakini fundi akipuliza tabaka mbili tatu nyuma ya rimu, pale inapogusana na habu, na nyingine kwenye vikombe vya nati, yaani midomo ya matundu ya rimu ambamo nati hukaa, unene wa jumla unaweza kuzidi unywele ule. Nati inakazwa barabara, spana ya torki, ile inayolia ikifika namba uliyoiweka, inalia, kila mtu anaridhika. Kisha gari linatembea, breki zinapata moto, rangi inalainika na kuminywa mpaka inatoka. Ikipungua kwa kiasi kile kile ambacho stadi ilikuwa imenyooka, springi haina tena kitu cha kuvuta. Nati haijazunguka hata kidogo, iko pale pale ilipoachwa, na gurudumu limelegea. Kutu hufanya vivyo hivyo: magamba yake yanasagika kidogo kidogo. Udongo mkavu wa barabara ya vumbi vilevile, na hata jani lililonasa nyuma ya rimu wakati wa kubadilisha tairi porini.

Gurudumu likilegea linaanza kuteleza kwenye habu, kidogo tu, kila linapozunguka. Hapo ndipo stadi zinapoanza kufanya kazi ambayo hazikuumbiwa: zinapindwa huku na huku. Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu mizunguko laki moja, na kila mzunguko ni mpindo mmoja. Chukua waya wa kawaida, upinde huku na huku. Hauhitaji nguvu kuukata, unahitaji kurudia. Stadi hukatika hivyo hivyo. Ya kwanza ikikatika, mzigo wake unagawanywa kwa zilizobaki, nazo zinakatika kwa haraka zaidi. Ukitazama mkatiko wake unausoma: sehemu laini yenye mistari kama ya pwani maji yanapokupwa, ambapo ufa ulikuwa ukisogea siku nyingi, na sehemu chakavu iliyokwaruzika, ambapo kilichobaki kilikatika mara moja. Stadi ikiwa na alama hizo, ujue ilikuwa imelegea kwa muda, wala haikukatika kwa sababu ya shimo moja la jana.

Gari huwa linasema mapema. Unasikia mgongano wa chuma, tak-tak-tak, ukienda polepole, na ukizidisha mwendo unapotea au unageuka mtikisiko kwenye usukani. Mistari ya kutu inatoka kwenye nati kama machozi na kushuka juu ya rimu. Kuzunguka tundu la nati kunang'aa chuma kilichosuguliwa. Dereva wa daladala anayezunguka gari lake kabla ya safari ya kwanza anaziona dalili hizo kwa macho, bila kushika spana. Ukiziona, simama. Usikaze ukaendelea, vua gurudumu utazame matundu, kwa sababu tundu likishakuwa la mviringo wa yai, rimu hiyo imekwisha kazi.

Upande wa pili ni kukaza kupita kiasi, na huku ndiko tunakoanguka zaidi kwa sababu wengi tunadhani kuzidisha ni usalama. Stadi ina kikomo chake. Ikivutwa mpaka hapo inarudi ilivyokuwa, ikivutwa kupita hapo inabaki imenyooka kama springi ya kalamu uliyoivuta kwa nguvu. Shingo yake inakuwa nyembamba, nyuzi zake zinapoteza nafasi, nati inaingia kwa shida na kutoka kwa shida. Leo haikatiki. Itakatika baada ya kufungwa na kufunguliwa mara kadhaa, mikononi mwa fundi mwingine asiye na hatia.

Hasara nyingine iko kwenye diski ya breki, iliyobanwa kati ya habu na rimu. Nati moja ikiwa 200 Nm, nyingine 80, nyingine 150, diski inavutwa bila usawa na kupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Toyota huruhusu diski nyingi za mbele kuyumba kwa sehemu tano tu za mia za milimita. Ikizidi hapo, sehemu moja ya diski inagusa pedi kila mzunguko na kulika zaidi ya nyingine. Baada ya kilomita elfu kadhaa pedali inatetemeka ukikanyaga breki, mwenye gari ananunua diski mpya, zinafungwa na mashine ile ile ya upepo ya kukazia nati, na mtetemo unarudi.

Na siku pancha inapopatikana usiku njiani, mama aliye peke yake na spana ile ya sentimita 30 atafungua nini kwenye nati iliyokazwa kwa 400 Nm? Fundi aliyeikaza hivyo amemwacha barabarani.

Mashine ya upepo si adui. Ile ya kawaida ya nusu inchi inaweza kutoa 500 Nm au zaidi, na haijui inakaza gari gani. Itumie kufungua. Wakati wa kufunga iruhusu tu ipeleke nati mpaka iguse rimu, ikiwa kwenye kiwango cha chini kabisa, na nati iwe imeshaanzishwa kwa mkono. Kazi ya mwisho ni ya spana ya torki. Gereji inayomaliza kwa mashine, kisha inapitisha spana ya torki juu na kusikia mlio mara moja kwenye kila nati, haijapima kitu. Spana ikilia bila nati kusogea imekuambia jambo moja tu, kwamba iliyomo ni 103 au zaidi. Inaweza kuwa 103, inaweza kuwa 350.

Sasa utaratibu wenyewe. Gari likiwa chini, breki ya mkono imevutwa na mawe au kabari zimewekwa kwenye gurudumu la mkabala, legeza kila nati robo mpaka nusu mzunguko. Ndipo uweke jeki. Ukishavua gurudumu, usikimbilie kuweka jingine. Chukua brashi ya waya usugue uso wa habu mpaka uone chuma, hasa ukingo unaozunguka kitovu cha katikati. Kutu hupenda kujificha kwenye kona hiyo. Sugua na nyuma ya rimu. Tazama vikombe vya nati: rangi nene ikwanguliwe. Stadi zisuguliwe kavu, kisha jaribu nati kwenye kila moja. Iende kwa vidole mpaka mwisho. Ikikwama usiilazimishe, ama nyuzi zimeumia, ama nati si yake.

Watu huuliza kuhusu oili na grisi kwenye stadi. Kwa gari dogo, jibu ni hapana, isipokuwa kitabu cha gari hilo kiseme vingine. Katika 103 Nm unazoweka, karibu nusu inaishia kwenye msuguano chini ya nati, kama sehemu nne za kumi zinaishia kwenye nyuzi, na kinachobaki, kama sehemu moja ya kumi, ndicho kinachoinyoosha stadi. Ukipaka oili umepunguza msuguano, na nguvu iliyookolewa yote inahamia kwenye kunyoosha. Mvutano unaweza kupanda kwa theluthi moja au zaidi, na spana itaendelea kukuambia 103. Grisi kidogo kwenye kitovu cha habu ili rimu isigande, hiyo sawa, lakini isifike kwenye uso unaobanwa wala kwenye nyuzi.

Weka gurudumu, anzisha nati zote kwa mkono, zipeleke mpaka zikae kwenye vikombe huku ukilitikisa gurudumu lijipange. Kaza kidogo kwa spana fupi, ukiruka: kwenye nati nne unakwenda msalaba, kwenye tano, unaruka moja kila mara, ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne, kwenye sita unafuata zinazotazamana. Ukikaza kwa kufuatana duara, rimu inalala upande mmoja, na nati za mwisho zinajaribu kuinyanyua huku za kwanza zimeshaishikilia. Shusha jeki mpaka tairi liguse ardhi na lisizunguke, bila uzito wote kulikalia. Mzunguko wa kwanza weka spana kwenye 50 Nm. Wa pili weka 103. Kisha pitia tena zote kwa 103 ile ile, kwa sababu nati ya pili inapokazwa, ya kwanza hupumua kidogo.

Spana ya torki yenyewe ina adabu zake. Shika mpini pale palipochongwa kwa ajili ya mkono, vuta polepole kwa mwendo mmoja, ukisikia mlio wa kwanza acha. Wale wanaoiliza mara tatu kwa kuhakikisha wanaongeza kila mara. Usiifungulie nati iliyoganda. Ukimaliza kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, si sifuri, ili springi ya ndani isichoke. Kupachika mpini wa kati unaonyooka na soketi hakuharibu kipimo, lakini bomba kwenye mkono wa spana linakiharibu. Na tazama unasoma upande gani: spana nyingi zina mizani mbili, moja ya Nm na nyingine ya pauni-futi. Ukiweka 103 kwenye upande wa pauni-futi umekaza 140 Nm. Kwa magari madogo chagua spana ya kama 40 hadi 200 Nm. Ya lori haiko sahihi chini kwenye 103. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu nyingi kukosea kwa asilimia 4, yaani kwenye 103 unapata kati ya 99 na 107, na hiyo inatosha kabisa. Ikaguliwe kila mwaka au kila ikitumika mara 5,000. Gereji yenye kazi nyingi hufikisha mara 5,000 kabla ya mwaka kuisha.

Asiye nayo afanyeje? Hapa mezani kuna mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki na nyanya. Chukua spana ya tairi, pima sentimita 30 kutoka katikati ya nati, weka alama. Funga kamba kwenye alama hiyo, ndoano ya mizani ishike kamba, kisha vuta mizani ikiwa pembe mraba na spana mpaka isome kilo 35. Hiyo ni 103 Nm. Kwa alama ya sentimita 40, vuta kilo 26 na robo. Lazima uvute kwa pembe mraba, kwa sababu ukivuta kwa mshazari sehemu ya nguvu inapotea. Haina wepesi wa spana ya torki, lakini mizani inayopima samaki sawasawa itapima na nati sawasawa, na ni bora mara nyingi kuliko kuguna.

Namba haihami kutoka gari hadi gari. Honda nyingi ni 108 Nm. Nissan ndogo huwa 108 hadi 113. Volkswagen nyingi zenye bolti za milimita 14 ni 120, Mercedes-Benz zenye bolti za milimita 14 mara nyingi ni 130. Hilux yenye rimu za chuma hukazwa 209 Nm, na yenye rimu za aloi ni 105, karibu nusu. Gari lile lile! Kwa hiyo aliyebadilisha rimu za chuma akaweka za aloi amebadilisha na namba, na nati pia. Namba ya gari lako iko kwenye kitabu cha dereva, kwenye droo ya mbele. Kitabu kikiwa cha Kijapani usikitupe: tafuta ukurasa wenye picha ya kubadilisha tairi, utaona N·m na kgf·cm zimeandikwa kwa herufi tunazozisoma sote.

Kuhusu aina za nati nitasisitiza kwa sababu makosa haya yanauzwa kwenye maduka ya vipuri kila siku. Nati za Toyota na Honda nyingi zina nyuzi za milimita 12 zenye nafasi ya 1.5, yaani milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi. Za Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni milimita 12 kwa 1.25. Kwa macho ni ndugu. Nati ya Nissan itaingia kwenye stadi ya Toyota mzunguko mmoja au miwili, kisha itakwama, na mwenye mashine ya upepo ataimalizia kwa nguvu na kuziua nyuzi zote mbili. Pili, tazama umbo la kalio la nati. Nyingi zina kalio la koni. Honda za kiwandani zina kalio la mviringo kama mpira. Na Toyota za rimu za aloi za kiwandani mara nyingi zina shingo ndefu na washa bapa. Nati ya koni kwenye kikombe cha mviringo inagusa kwa mstari mwembamba tu kama uzi. Inakazwa, inalia, kisha inachimba aloi na kulegea. Hesabu pia mizunguko: nati ya nafasi ya 1.5 inapaswa kushika angalau mizunguko minane kamili, ya 1.25 kama kumi. Aliyeweka vipande vya kutanua magurudumu bila kubadilisha stadi mara nyingi amebaki na minne au mitano.

Stadi moja ikikatika, badilisha hiyo na jirani zake wawili, kwa sababu ndio waliokuwa wakibeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi, badilisha zote za gurudumu hilo.

Sasa wenzetu wa malori na mabasi. Fuso na Isuzu za zamani kutoka Japani zina mfumo wa nati mbili kwa magurudumu pacha ya nyuma: nati ya ndani yenye kichwa cha pembe nne hushika gurudumu la ndani, na juu yake nati ya nje, mara nyingi ya spana ya milimita 41, hushika la nje. Upande wa kushoto wa gari nyuzi zake ni za kushoto. Zinafungwa kwa kuzungusha kinyume na saa, na kwenye ncha ya stadi utaona herufi L. Fundi asiyetazama herufi hiyo huongeza bomba juu ya bomba akidhani anafungua. Ukikagua, usiishie kukaza nati ya nje. Ya ndani ikiwa imelegea hutaijua, kwa sababu ya nje inasoma vizuri. Legeza za nje kwa kuruka moja moja, kaza za ndani zake, rudisha za nje, kisha nenda kwenye zilizobaki. Namba za mfumo huu kwa malori makubwa ya Kijapani huwa kati ya 540 na 590 Nm.

Malori ya Ulaya na mengi ya kisasa yana stadi kumi za milimita 22, nati moja kwa kila stadi, yenye washa iliyoshikamana nayo inayozunguka. Namba zake ni kati ya 550 na 700 Nm kwa kutegemea mtengenezaji, na hapa sheria ya oili inageuka: matone mawili kati ya nati na washa yake, na kidogo kwenye nyuzi, kwa sababu namba za kiwandani zimepimwa hivyo. Washa ikiwa imegandamana na nati kwa kutu, tupa nati. Uso wa washa unaogusa rimu ubaki mkavu. Halafu kumbukeni unywele wetu: kwenye magurudumu pacha kuna habu na rimu ya ndani, rimu na rimu, rimu na washa. Rangi nene ina nafasi tatu za kuiba mvutano badala ya moja au mbili. Uingereza, wanakoendesha kushoto kama sisi, imeonekana kwamba malori yenye nati hizi hupoteza zaidi magurudumu ya nyuma ya upande wa kushoto. Anayekagua aanzie huko.

Vile vishale vya plastiki vya njano vinavyovikwa nati ni vizuri, vitaonyesha nati iliyozunguka. Havionyeshi nati iliyopoteza mvutano bila kuzunguka, na tumeona leo kwamba hilo hutokea.

Ndiyo maana kuna kukagua tena. Baada ya kilomita 50 mpaka 100 tangu gurudumu lifungwe, simama, ngoja lipoe, weka spana kwenye namba ile ile upitie kila nati bila kuilegeza kwanza. Nati ikisogea kidogo ndipo ilie, hiyo ni rangi au kutu iliyojipanga, na ni kawaida mara moja. Ikisogea tena ukaguzi unaofuata, vua gurudumu utafute sababu. Fundi tairi aandike kwenye risiti: kagua baada ya kilomita 50, na namba aliyotumia. Kwa basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya likiwa limebadilishwa gurudumu asubuhi hiyo, Chalinze iko zaidi kidogo ya kilomita 100 na ni mahali pazuri pa kushuka na spana, kabla hamjaufikia mlima wa Kitonga.

Basi, tusogee kwenye gari. Gurudumu la mbele kushoto nati zake zimeanzishwa kwa mkono tu, na tairi limegusa ardhi. Naomba fundi mmoja akaze kwa mizani, kamba iko kwenye alama ya sentimita 30. Mwingine ashike spana ya torki, ipo kwenye 103, apite nyuma yake, tuone kila nati itasogea kiasi gani kabla ya kulia.